Walioambiwa Hawajui Kusoma



Katika kitabu hiki cha miaka kumi mtakuta habari za hisa, mikopo na faini. Sisi tuliopewa ukurasa huu tumeonelea tuandike habari za mashairi, maana ni nadra kikao chetu kufungwa bila mama mmoja kusimama akatoa beti zake. Wageni wanaofika Lamu hutuuliza, mambo haya mmejifunza wapi?

Mwaka 1858, Mwana Kupona binti Msham alikuwa mgonjwa. Tena alikuwa mjane: mumewe, Bwana Mataka wa Siyu, aliyempinga Sultani wa Unguja kwa miaka mingi, alikuwa amekwisha kufariki. Basi akamwita bintiye, Mwana Hashima, aje na wino na karatasi. Beti zilizotoka pale, mia na ushei, ndizo Utendi wa Mwana Kupona. Mengi humo ni wasia wa dini, adabu na namna ya kuishi na mume. Vijana wetu hunung'unika kwamba mume amepewa makubwa mno, na kusema kweli baadhi yetu watu wazima twakubaliana nao. Lakini tazameni nani anaandika na nani anaandikiwa. Ni mama kwa binti, na mwishoni anawahimiza wanawake wote wausome. Angesema hivyo kama wanawake hawakuwa wakisoma?

Walisoma, kwa herufi za Kiarabu. Utendi huo ulichapwa Uingereza mwaka 1934, na kabla ya hapo ulikuwa ukinakiliwa kwa mkono na kusomwa majumbani. Mombasa nako, vyama vya akina mama vya lelemama vilichangishana fedha za karamu na kujibizana kwa nyimbo. Ukivunja heshima, kesho yake umeimbwa. (Faini yetu ya shilingi hamsini ni rehema!)

Kisha zikaja shule za serikali ya kikoloni na herufi za kizungu. Mwanamke aliyeweza kuandika barua, deni na utendi mzima akahesabiwa mjinga. Hata sisi yalitukuta. Tulipokwenda kuandikisha kikundi katika ofisi moja, mama mmoja wetu aliambiwa aweke dole gumba, na karani akaandika kwamba hajui kusoma. Kumbe ni yeye huyo aliyeshika daftari letu la kwanza, kwa herufi za Kiarabu, na haikupotea hata senti.

Sandukuni mwake mna utendi ulionakiliwa na bibi yake. Mwaka jana alianza kutusomea, nasi tukiandika kwa herufi za shule. Tumefika beti ya 64. Kurasa zinazofuata zimeliwa na wadudu. Penye tundu husoma kwa moyo, na pale asipokumbuka tumeacha nafasi wazi. Kazi hiyo hufanyika kila Alhamisi baada ya michango, na mwenye nakala nyingine nyumbani aje nayo.