UZI: Kifungu cha 26 na kelele za jukwaani
1/ Kampeni zikianza huku Migori na Homa Bay, lazima utasikia: "Katiba ilihalalisha kuavya mimba." Wacha niwarudishe 2010.

2/ Makanisa mengi yalipinga rasimu kwa sababu ya Kifungu cha 26. Nyanza yetu ikasema NDIYO kwa wingi, na Agosti 4 ikapita.

3/ Kifungu chenyewe kinakataza, isipokuwa mhudumu wa afya aliyehitimu aone kuna dharura, au uhai ama afya ya mama iko hatarini, au sheria nyingine iruhusu.

4/ Lakini sheria ya adhabu ya enzi za mkoloni bado ipo, na inataja jela.

5/ Utafiti wa kitaifa wa 2022: katika kila moja ya kaunti hizi, wasichana 23 kwa 100 wa miaka 15 hadi 19 wameshawahi kushika mimba. Mgombea akija, mimi nitamuuliza: nesi wetu afuate sheria ipi?