Ndoto na Kilumi Ukambani

Zamani, Kitui na Makueni nchini Kenya, ndoto haikuwa siri ya mtu mmoja. Wakamba waliamini kwamba aimu, roho za wahenga, huwajia watu usingizini na kudai haki yao: sadaka, au ngoma ya kilumi. Wanawake wazima walikusanyika, ngoma ndefu zikalia, hadi roho zizungumze kupitia mchezaji.

Msomi wa Uswidi Gerhard Lindblom, aliyefanya utafiti Ukambani mwaka 1911 na 1912, aliandika imani hizo kwa kirefu. Mwanateolojia John Mbiti, aliyezaliwa Mulango, Kitui, mwaka 1931, alizipa heshima ya kitaaluma ziliyostahili tangu mwanzo.

Maabara zilianza kuchunguza ndoto baadaye. Mwaka 1959 Michel Jouvet wa Lyon, Ufaransa, alieleza usingizi wa ndoto, ambamo shina la ubongo hurusha mawimbi ya ghafla. Kisha mwaka 2021 watafiti wa Tübingen, Ujerumani, wakaonyesha kwa kima kwamba mawimbi hayo hupatana na midundo ya hipokampasi, sehemu inayojenga kumbukumbu.

Ugunduzi huo hauthibitishi aimu wala hauwakanushi. Kilumi nayo ingali inachezwa Ukambani, hasa kuombea mvua.