Shanga za Ziwani na Mapambo ya Noeli

Majilio yanapokaribia, mikono mingi hushika sindano, uzi na shanga ili kulipamba pango la Mtoto Yesu. Nyota, malaika na kengele ndogo hutungwa kwa punje za kioo ambazo ni wachache wanaouliza zilitoka wapi. Hapa Kalemie swali hilo lina uzito, kwa maana mwambao huu uliwahi kuhesabu kwa shanga thamani ya samaki, ya chumvi, na hata ya mtu.

Mwingereza Richard Burton, aliyefika Ujiji mwezi wa Februari 1858, aliandika kwamba biashara ya misafara ilitambua aina za shanga zipatazo 400. Nyingi zilitengenezwa Venice, zikapelekwa Unguja kwa merikebu, kisha zikapandishwa bara mabegani mwa wapagazi. Kila nchi ilikuwa na rangi yake, na msafara uliobeba rangi isiyotakiwa ungeweza kulala njaa huku mizigo imejaa. Ushanga mwekundu, samesame, uliitwa pia kivunja-mji, kwa jinsi ulivyotamaniwa.

Verney Lovett Cameron alipopita Ujiji mwaka 1874, sarafu ya soko ilikuwa sofi, ushanga unaofanana na kipande cha mrija wa kiko. Soko lilipofunguliwa, watu wenye mifuko ya sofi walizitoa kwa kubadilishana na shanga za aina nyingine. Lilipofungwa walizipokea tena, wakipata faida mara mbili. Wabadilishaji wa dola na franka katika masoko yetu wangewatambua mara moja kuwa ndugu zao! Mwezi wa Mei mwaka huohuo Cameron alifika penye mlango wa Lukuga, mto wetu.

Lakini biashara hiyo haikuwa ya samaki na chumvi peke yake. Kutoka Mtoa, kaskazini ya mji wetu, mateka wa bara walivushwa ziwa kwenda Ujiji. Nguo na shanga ziliingia. Pembe za ndovu na wanadamu wakatoka. Mapadre Weupe walifika Ujiji mwaka 1879, na mwaka 1885 wakapokea kituo cha Mpala. Waliwakomboa watoto wengi kwa kuwalipia bidhaa zilezile za misafara. Jambo hili linauma, wala halifai kufichwa: alipaye fidia humlipa pia mtekaji. Ndiyo maana ulinzi ulihitajika pamoja na fidia, kazi aliyoishika Kapteni Léopold Joubert alipofika Mpala mwaka 1887. Na mwishoni mwa 1891 Kapteni Jacques akaanzisha ngome ya Albertville, ambayo leo ni Kalemie. Yule tunayempambia pango naye alikuja kutiwa bei, vipande 30 vya fedha.

Hata hivyo wazee wetu hawakuupokea ushanga kama fedha tu. Watabwa waliushona katika nkaka, taji la kichwani lenye jina la kakakuona, mnyama wa magamba. Lilivaliwa na waaguzi, na kwa sababu hiyo wakristo wengi walilikwepa. Neno hilo linaeleweka. Lakini sanaa yenyewe haikustahili kusahauliwa. Safu za pembetatu katika sanaa ya Watabwa huitwa balamwezi, yaani kuandama kwa mwezi mpya, saa ambayo giza la usiku huanza kupungua.

Waluba nao walikuwa na lukasa, ubao wa kushika mkononi uliopigiliwa shanga. Wanachama wa Mbudye, watunza kumbukumbu, waliugusa kwa kidole huku wakisimulia wafalme, safari na miiko. Ushanga mkubwa uliozungukwa na midogo waweza kuwa mtawala na watu wake. Kumbe punje ileile iliyolipwa kwa mtu iliweza pia kumkumbuka mtu. Mimi naona hilo ni tendo kubwa kuliko ufundi wenyewe.

Katika nchi ya Ucheki, ambako viwanda vya Jablonec navyo viliuza shanga Afrika, kijiji cha Poniklá hutengeneza mapambo ya mti wa Noeli kwa shanga za kioo cha kupulizwa, zilizotiwa rangi ya fedha ndani na kutungwa kwenye waya kuwa nyota. Mwaka 2020 UNESCO iliuandika ufundi huo katika orodha ya urithi wa wanadamu. Wanakijiji hao hawakuiga nchi ya mtu. Theluji wanayoionyesha huanguka kweli juu ya paa zao.

Sisi theluji hatunayo, na bado tunaishona kila mwaka! Balamwezi ipo karibu zaidi, wala si ngumu. Tunga safu ya shanga sita, juu yake tano, kisha nne, hadi ubaki ushanga mmoja: hiyo ni pembetatu. Shona sita za namna hiyo kuzunguka kitovu cha shanga nyekundu, ncha zikitazama nje, nawe utapata nyota ya kuning'iniza juu ya pango.