Dunne D.5
Dunne D.5 ilikuwa ndege ya majaribio isiyo na mkia iliyobuniwa na Mwingereza John William Dunne (1875–1949). Ilikuwa na jozi mbili za mabawa, moja juu ya nyingine, na iliruka mara ya kwanza mwaka 1910. Inakumbukwa kama mojawapo ya ndege za kwanza zilizoweza kujisawazisha hewani bila rubani kuziongoza.

== Chanzo ==
Ndege za ndugu Wright zilimtaka rubani azirekebishe kila wakati, la sivyo zingeinama na kuanguka. Dunne, aliyekuwa afisa wa jeshi, alitaka ndege iliyo salama kwa umbo lake lenyewe. Mwaka 1906 alianza kazi katika kiwanda cha baluni cha Jeshi la Uingereza huko Farnborough. Ndege zake za awali zilijaribiwa kwa siri huko Blair Atholl, Uskoti, mwaka 1907 na 1908, lakini ziliruka kwa muda mfupi tu. Mwaka 1909 serikali iliacha kugharamia kazi hiyo. Dunne aliendelea kwa fedha za watu binafsi, na D.5 ikaundwa na kampuni ya Short Brothers.

== Muundo ==
Mabawa yalielekea nyuma kama herufi V, hivyo ncha zake zilikuwa nyuma ya kitovu cha uzito. Kila bawa lilipindwa kidogo kidogo kuelekea nchani, na kwa njia hiyo ncha zilifanya kazi ya mkia: pua ya ndege ikiinama, ziliirudisha juu. Rubani aliongoza kwa wenzo mmoja kila upande wa kiti, uliosogeza vibao vya kwenye ncha za mabawa. Injini moja ya nguvu farasi 60 ilizungusha rafadha mbili za nyuma kwa minyororo.

== Majaribio ==
D.5 ilijaribiwa Eastchurch, kwenye kisiwa cha Sheppey. Mnamo Desemba 1910, Orville Wright akiwa mmoja wa watazamaji, Dunne aliachia nyenzo zote mbili angani na kuandika maelezo kwenye karatasi huku ndege ikiendelea kuruka.

Mwaka 1911 ndege hiyo ilianguka na kuharibika vibaya. Ilijengwa upya kuwa D.8, yenye rafadha moja. Mwaka 1913 rubani Mfaransa Felix aliirusha D.8 kutoka Eastchurch hadi Villacoublay, karibu na Paris.

== Urithi ==
Nchini Marekani kampuni ya Burgess iliunda ndege za aina hiyo kwa leseni. Moja ilinunuliwa na Kanada mwaka 1914, ikawa ndege ya kwanza ya kijeshi ya nchi hiyo.

Hata hivyo, ndege inayorudi yenyewe kwenye mkao wake hukawia kumtii rubani anapotaka kugeuka ghafla, na umbo la Dunne halikuenea. Wazo lake liliendelezwa katika miaka ya 1920 na Geoffrey Hill, mbunifu wa ndege zisizo na mkia zilizoitwa Pterodactyl.