Kuta Zimelindwa, Wakazi Je? Umiliki wa Nyumba katika Vijiji vya Kale vya Uingereza

Utangulizi

Anayenunua nyumba katika kijiji cha kale cha Uingereza hupokea mambo mawili kwa bei moja: mali na dhamana. Mali huandikwa kwa jina lake. Dhamana huipokea kutoka kwa watu asiowajua, nayo haimwachi hadi siku atakapomkabidhi mwingine. Sheria za nchi hiyo zimelijenga wazo hili kwa uangalifu mkubwa: mwenye nyumba ya kale ana haki ya kukaa, kuuza na kurithisha, lakini hana haki ya kuharibu. Makala haya yanaliunga mkono wazo hilo, kisha yanadai kwamba limeishia njiani. Dhamana imewekwa juu ya mawe, mbao na mapaa. Haikuwekwa juu ya ukaazi. Ndiyo maana nyumba zilizojengwa kwa ajili ya watu wa kipato kidogo zimetunzwa kwa ustadi, huku watu wa kipato hicho hicho wakikosa pa kuishi katika vijiji walikozaliwa.

Uzuri uliozaliwa na ufukara

Ni rahisi kudhani kwamba vijiji hivi vimebaki vilivyo kwa sababu wenyeji wake walipenda mambo ya kale. Historia inasema vingine. Lavenham, katika Suffolk, ilitajirika kwa biashara ya nguo za sufu hadi mwanzoni mwa karne ya 16 ikahesabiwa miongoni mwa miji tajiri nchini. Biashara hiyo ilipoanguka, wenyeji hawakuwa na fedha za kubomoa nyumba zao za mbao na kujenga nyingine za matofali kwa mtindo mpya. Nyumba zikabaki, nyingine zikiwa zimepinda kwa uzee. Kazi ambayo leo hufanywa na sheria ya uhifadhi, kwa karne nyingi ilifanywa na ukata.

Kwingine uzuri ulitokana na mabavu. Milton Abbas, katika Dorset, ni safu ya nyumba nyeupe zinazofanana, zilizoezekwa kwa nyasi. Kijiji hicho kilijengwa mwishoni mwa karne ya 18 kwa sababu Lord Milton alitaka mji wa zamani uliokuwa jirani na jumba lake uondoke machoni pake. Mji ukabomolewa, na waliohamishwa wakapangwa familia mbili katika kila jengo. Si mbali sana na hapo kipo Tolpuddle. Mwaka 1834 vibarua sita wa mashamba wa kijiji hicho walihukumiwa kupelekwa Australia kwa miaka 7 kwa kosa la kuwaapisha watu kiapo cha siri cha chama chao, baada ya ujira kushushwa hadi shilingi 7 kwa wiki. Watu wa hali hiyo ndio waliolala chini ya mapaa ambayo leo madalali huyanadi kwa bei ambayo mfanyakazi wa shamba hawezi hata kuiota.

Hatuwezi kuzungumzia haki ya kununua bila kukumbuka haya. Kinachouzwa kwa jina la uzuri wa kale ni makazi ya watu waliokuwa na kauli ndogo sana juu ya mahali walipoishi.

Mzigo wa mnunuzi

Ununuzi wenyewe una mashaka yake. Bei iliyokubaliwa haimfungi mtu mpaka mikataba ibadilishwe. Kabla ya hapo muuzaji anaweza kumgeukia mwenye dau kubwa zaidi, na mnunuzi akapoteza fedha alizokwisha kuwalipa mwanasheria na mkaguzi wa majengo. Lakini uzito wa kununua nyumba ya kale unaanza baada ya kukabidhiwa funguo.

Orodha ya taifa ya majengo yenye thamani ya kihistoria ilianzishwa kwa sheria za mipango za 1944 na 1947. Sasa ina takribani vipengele 400,000, na zaidi ya asilimia 90 viko katika daraja la pili, ambamo nyumba nyingi za vijijini zimo. Mwenye nyumba ya namna hii akiondoa ngazi ya zamani, akibadilisha madirisha au akivunja ukuta wa ndani bila kibali, ametenda jinai inayoweza kumpeleka gerezani hadi miaka 2. Zaidi ya hayo, halmashauri inaweza kumwamuru mmiliki wa sasa arekebishe uharibifu uliofanywa na mmiliki aliyemtangulia, bila kujali miaka iliyopita. Mnunuzi asiyekagua historia ya vibali hununua na makosa ya wengine.

Vifaa navyo vina masharti yake. Kuta nyingi ni fremu za mbao zilizojazwa fito na kukandikwa udongo, au ni mawe yaliyounganishwa kwa chokaa. Ukuta wa chokaa hupokea unyevu na kuutoa. Ukipigwa lipu ya saruji, unyevu hufungiwa ndani, na mbao huoza zikiwa zimefichika. Mafundi wa Lamu na Unguja, wanaokarabati kuta za mawe ya matumbawe, wanayajua madhara hayo hayo. Paa la matete hudumu miongo kadhaa, lakini kilele chake huhitaji kufanywa upya kila baada ya miaka 10 hadi 15, na bima yake ni ghali kuliko ya paa la vigae.

Kisha yapo madeni ya kale. Huko Aston Cantlow, katika Warwickshire, wamiliki wa shamba moja walidaiwa takribani pauni 95,000 za kukarabati sehemu ya altare ya kanisa la kijiji, kwa sababu ardhi yao ilibeba wajibu uliotokana na ugawaji wa ardhi wa karne ya 18. Mwaka 2003 mahakama ya juu kabisa iliamua kwamba deni ni halali, na mwishowe shamba likauzwa. Tangu Oktoba 2013 mnunuzi mpya hafungwi na wajibu wa aina hiyo usipokuwa umesajiliwa. Kesi hiyo inathibitisha jambo kubwa: sheria ya Uingereza haioni ajabu kumtaka mwenye mali awajibike kwa jamii inayomzunguka.

Kilichoachwa nje ya sheria

Kama ni hivyo, kwa nini wajibu huo umekomea kwenye jengo? Mwenye nyumba ya kale haruhusiwi kubadilisha dirisha bila kibali, lakini anaruhusiwa kuifunga nyumba nzima miezi kumi kila mwaka. Kwa kijiji, madhara ya kufuli hiyo ni makubwa kuliko ya dirisha. Watoto wakipungua, shule hufungwa. Wateja wakipungua, duka na basi huondoka. Sheria ya Nyumba ya 1980 iliongeza ugumu, kwani iliwapa wapangaji wa nyumba za halmashauri haki ya kuzinunua kwa punguzo. Wengi walinufaika, na hawastahili kulaumiwa. Ila vijijini nyumba hizo zilikuwa chache tangu awali, na kila iliyouzwa ilikuwa vigumu kuifidia.

Mfano wa uhifadhi usio na watu upo. Mwaka 1943 jeshi liliwahamisha wakazi wa Imber, katika Wiltshire, nao hawakurudishwa. Kanisa lao limeorodheshwa katika daraja la kwanza, ambalo ndilo la juu kabisa, na linatunzwa vizuri. Kinachokosekana ni kijiji.

Hoja pinzani

Yapo majibu mazito kwa hoja hii. La kwanza ni kwamba wageni wenye fedha ndio waliookoa mapaa mengi, kwa kuwa mwenyeji wa kipato kidogo asingemudu fundi wa chokaa. Hilo ni kweli, nami simpingi mgeni. Anayehamia, akapeleka watoto shule ya kijiji na kununua mkate dukani, amekuwa mwanakijiji. Hoja yangu inamhusu mmiliki asiyekaa.

La pili ni kwamba kodi zinatosha. Ada ya ziada kwa anayenunua nyumba ya pili ilikuwa asilimia 3 mwaka 2016, ikapandishwa hadi 5 Oktoba 2024. Na tangu Aprili 2025 halmashauri zinaweza kumtoza mwenye nyumba hiyo kodi ya makazi maradufu. Hatua hizi ni za haki, lakini kodi huweka bei juu ya kutokuwepo, na mwenye uwezo huilipa akaendelea kutokuwepo.

La tatu linatokana na mji wa St Ives, katika Cornwall, ambako wapiga kura waliamua mwaka 2016 kwamba nyumba mpya ziwe za wakazi wa kudumu tu. Wakosoaji husema sharti la namna hiyo huwasukuma watafutaji wa nyumba za likizo kwenye nyumba za zamani. Nakubaliana nao, na ndiyo sababu sharti linapaswa kuzigusa nyumba za zamani zenyewe.

Kukamilisha dhamana

Wales, jirani ya Uingereza, imeonyesha kwamba inawezekana. Tangu 2022 sheria zake za mipango zinatofautisha makazi ya kudumu na nyumba ya pili, na halmashauri zinaweza kudai kibali kabla nyumba haijabadilishwa kutoka matumizi ya kwanza kwenda ya pili. Uingereza inapaswa kuchukua hatua hiyo na kuanza na nyumba zilizoorodheshwa, kwa sababu wamiliki wake wamekwisha kukubali kwamba mali yao ina masharti ya umma.

Mbinu nyingine zipo tayari. Lacock, katika Wiltshire, kilikabidhiwa kwa shirika la uhifadhi la National Trust mwaka 1944 na Matilda Talbot, na karibu nyumba zake zote hupangishwa, haziuzwi. Tolpuddle nako, mwaka 1934, shirikisho la vyama vya wafanyakazi lilijenga nyumba 6 kwa ajili ya vibarua wastaafu wa mashamba, likiwakumbuka wale sita kwa kuwapa makazi watu wa tabaka lao. Amana za ardhi za jamii huendeleza fikra hiyo leo: ardhi hubaki ya kijiji, na kodi ya pango au bei ya nyumba hupangwa kwa kuzingatia kipato cha wenyeji.

Taifa lililoweza kuilinda ngazi ya mbao ya karne ya 17 kwa tishio la kifungo haliwezi kusema halina uwezo wa kumlinda anayeipanda. Uwezo upo, kanuni ipo, na vyombo vya kuisimamia vipo katika kila halmashauri. Kinachosubiriwa ni bunge liutaje ukaazi kuwa sehemu ya thamani ya kihistoria, na mnunuzi asomewe sharti hilo kabla ya kutia saini, sawa na anavyosomewa masharti ya paa.