Kamera ya Kukunja na Makunjo Yake

Kamera ya kukunja ni kamera ya filamu ambayo lenzi yake hutokeza mbele wakati wa kupiga picha, kisha hurudi ndani kamera ikifungwa, nayo kamera ikaingia mfukoni mwa koti. Jina hili halihitaji mjadala. Tuna kisu cha kukunja na kitanda cha kukunja. Kitenzi kinaeleza kazi.

Kamera nyingi za aina hii hutumia filamu ya 120, iliyotolewa na Kodak mwaka 1901. Upana wake ni kama sentimita 6, na roli moja hutoa picha 8 za 6×9, 12 za 6×6 au 16 za 6×4.5. Huitwa kamera za umbo la wastani kwa kuwa negativu yake ni kubwa kuliko ya milimita 35. Ile ya 6×9 hulazwa juu ya karatasi na picha ikasafishwa bila mashine ya kukuza.

Miundo hutofautiana. Kwenye kamera za awali, lenzi huvutwa kwa mkono juu ya reli. Kwenye Ikonta ya Zeiss Ikon, ukibonyeza kitufe mlango hufunguka na lenzi husimama yenyewe. Super Ikonta ya mwaka 1934 iliongeza kipima umbali kilichounganishwa na lenzi.

Utata uko kwenye ngozi inayounganisha lenzi na bodi. Wapo watakaoiita mvukuto. Mkoani Kagera, Tanzania, neno hilo lina uzito wake: mwaka 1978 watafiti Peter Schmidt na Donald Avery walichapisha utafiti kuhusu ufuaji chuma wa Wahaya, uliofanyika magharibi mwa Ziwa Victoria miaka 1,500 hadi 2,000 iliyopita. Mvukuto ulisukuma hewa tanuruni kupitia mirija ya udongo. Ngozi ya kamera haipulizi chochote. Kazi yake ni kuzuia mwanga. Kwa hiyo naiita makunjo.

Neno hili lina faida kwa fundi. Kwa mvua na unyevu wa Bukoba na Muleba huko Kagera, ngozi iliyokaa kabatini miaka mingi huota ukungu, na huanza kupasuka kwenye pembe za mikunjo. Ingia chumba cha giza, fungua mgongo wa kamera, washa tochi ndani: kila tundu litaonekana kama nukta ya mwanga. Mteja akisema makunjo yanavuja mwanga, fundi anajua ugonjwa na mahali ulipo.