Kinga na Esansi: Fundisho la Kisangani



Siku hizi wenye elimu wa inchi nyingi wanaulizana neno moja: dunia itaishi namna gani siku ile petroli ya bei rahisi itakapokwisha? Wengine wanaogopa sana. Wengine wanasema kutakuwa na faida: watu watakaa karibu, watakula chakula cha mashamba yao, watatembea kwa miguu, watajuana tena. Wanaandika vitabu vikubwa juu ya wakati usiofika bado. Lakini sisi wa Kisangani tunaweza kuwajibu kwa mambo tuliyoyaona kwa macho yetu, maana muji wetu ulikwisha kuonja wakati ule. Kwa hiyo inafaa tuchunguze historia yetu wenyewe, tupime faida na hasara, tusiwaachie wageni peke yao kazi ya kutufundisha.

I. Zamani, mbele ya petroli

Muji wetu ulizaliwa bila petroli. Wagenya walikuwa wakivua samaki katika maporomoko kwa mitego yao mikubwa ya miti, na njia yao ilikuwa muto. Stanley alifika hapa mwaka 1877, na mwisho wa mwaka 1883 kituo cha Stanley Falls kikaanzishwa. Tippu Tip aliwekwa kuwa liwali wake mwaka 1887. Padri Gabriel Grison, wa Mapadri wa Moyo Mutakatifu, alifika mwaka 1897 akaanzisha misioni ya Mutakatifu Gabrieli. Wote hawa walikuja kwa mitumbwi, kwa miguu, ao kwa masua zenye kuchoma kuni.

Tufikiri kidogo juu ya masua hizi. Kutoka Kinshasa mpaka Kisangani ni kilometa zaidi ya 1,700 za muto. Masua haikuweza kuchukua kuni za safari nzima, basi pembeni ya muto kulikuwa vituo vya kuni, na watu wa vijiji walikata miti na kuipanga. Gari la moshi vilevile. Kwa sababu maporomoko yanafunga njia ya muto, reli ya kilometa 125 ilijengwa toka Stanleyville mpaka Ponthierville, ndio Ubundu ya leo, nayo ilifunguliwa mwaka 1906.

Je, wakati ule ulikuwa wakati wa raha? Hapana. Wazee wetu walibeba mizigo kichwani kwa nguvu ya serikali. Walikata kuni kwa kulazimishwa. Walitafuta mpira porini kwa hofu ya fimbo na bunduki. Mwenye kusifu maisha ya bila mashini akumbuke kwanza mabega ya wapagazi. Pahali pasipo na mashini, mwenye nguvu anaweza kugeuza mutu kuwa mashini.

II. Wakati wa petroli rahisi

Nyuma ya vita kubwa ya pili, petroli ilikuwa rahisi katika dunia yote, na muji wetu ulifaidika. Kamio zilikwenda kwa njia ya Buta, ya Ituri na ya Lubutu. Zilileta muchele, pamba, kahawa na mawese. Zilirudisha chumvi, sabuni na nguo. Katika miaka ile ya 1950 kiwanda cha umeme kilijengwa kwenye muto Tshopo, na nguvu ya maji ikawasha taa za muji. Hii tuiweke akilini, maana tutairudilia.

Kuna habari moja ambayo wengi hawaijui. Mwaka 1937, mwalimu mumoja wa Chuo Kikuu cha Bruxelles, jina lake Chavanne, alipata hati ya serikali ya Ubelgiji juu ya namna ya kugeuza mafuta ya mimea yapate kutumika katika mashini. Mwaka 1938 motokari kubwa ya abiria ilitembea kati ya Bruxelles na Louvain kwa mafuta yaliyotengenezwa kwa mawese. Basi, tangu zamani ilijulikana kwamba muti uliojaa katika Lokutu na Yangambi unaweza kusukuma gari. Lakini petroli ilikuwa rahisi, na maarifa yale yakaachwa. Bei rahisi ina ulevi wake: inasahaulisha watu mali waliyo nayo mulangoni.

Kisha mambo yakageuka. Mwezi wa kumi 1973 vita ilipigwa Mashariki ya Kati. Pipa la petroli lililouzwa karibu dola 3 likapita dola 11 mwanzo wa 1974. Tarehe 30 ya mwezi wa kumi na moja 1973, serikali ya Mobutu ilinyanganya biashara na mashamba ya wageni, ikawapa watu wasiojua kuyaangalia. Mwaka 1975 bei ya shaba ilikuwa imeanguka. Mapigo haya matatu yalikuja pamoja. Serikali ikakosa feza ya kutengeneza barabara, madaraja yakaoza, pori likarudi njiani. Kamio iliyokuwa ikifika kwa siku mbili ikatumia juma zima, halafu haikuja tena. Na tazama ajabu: tangu mwaka ule ule wa 1975 inchi yetu inachimba petroli baharini karibu na Moanda. Petroli ile inauzwa inje ikiwa mbichi, na esansi inarudi kwetu kutoka inje kwa bei ya wageni.

III. Wakati wa toleka

Mwezi wa nane 1998 vita ya pili ilifika Kisangani. Muji ukakaa mikononi mwa waasi na majeshi ya kigeni. Muto, mama wa muji, ulifungwa, kwani musitari wa vita ulikata njia ya Kinshasa. Masua hazikupanda tena. Esansi iliyopatikana ililetwa kwa ndege ao kwa njia mbaya za mashariki, ikauzwa kwa chupa pembeni ya barabara na wale watu walioitwa «Kadafi», kwa jina la mukubwa wa Libya, inchi ya petroli. Motokari zikalala ndani ya nyua, majani yakaota kati ya magurudumu.

Hapo kinga ikatawala. Vijana walifunga muto mudogo wa kitambaa, wenye kujazwa vizuri, juu ya chuma cha nyuma ya kinga, wakatia pahali pa kuwekea miguu, wakapakia watu. Jina lao likawa «toleka», neno la Kilingala, maana yake «tupite». Kutoka Mangobo mpaka soko kubwa, kutoka Kabondo mpaka Makiso, kila mutu alipita na toleka: mama na beseni lake la sombe, mwalimu, mufanya biashara, padri na kanzu yake imekunjwa magotini. Katika hao wasukumaji walikuwamo vijana waliomaliza masomo, na waalimu wasiolipwa mishahara. Na kwa njia za pori wengine walisukuma kinga zilizobeba mafuta ya mawese, muchele na makala, wakitembea kwa miguu siku nyingi, maana muzigo ulijaza kinga yote.

Mwaka 2003 amani ilipotiwa sahihi, muto ukafunguliwa tena. Miaka iliyofuata pikipiki za bei ndogo kutoka Asia zilifika kwa wingi. Polepole toleka ikashindwa.

IV. Faida gani?

Tuseme kwanza mema, kwa haki.

Faida ya kwanza: feza ilibaki katika muji. Mutu akilipa safari ya pikipiki, sehemu kubwa ya franga zake inafuata esansi mpaka ngambo ya bahari. Mutu aliyelipa toleka, franga zake zilinunua muhogo na samaki jioni ile ile, na mama muuzaji naye alilipa karo ya mutoto wake.

Faida ya pili: kazi ilienea. Kinga moja ililisha mwenye kinga, musukumaji, fundi wa kuziba mipira chini ya mwembe, muchomeleaji wa vyuma, na mama wa kushona vitambaa. Kila kitu kilichovunjika kilitengenezwa hapa hapa. Leo pikipiki ikivunjika, tunangoja kipande toka Guangzhou.

Faida ya tatu: muji ulikumbuka udongo wake. Watu wa mishahara waliolima zamani kwa aibu sasa walilima kwa bidii, ngambo ya Lubunga na pembeni ya njia zote.

Faida ya ine: heshima. Juu ya kinga hakuna kioo cha kufunga. Mutu mukubwa alionekana na watu wote, akasalimia na kusalimiwa.

Lakini tusidanganye wasomaji. Mwaka 2000, tangu tarehe 5 mpaka 10 ya mwezi wa sita, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana katika mitaa yetu, na maelfu ya makombora yakaanguka juu ya nyumba za watu. Waliokufa ni mamia. Faida za toleka zilichipuka katika udongo wa makaburi, na hakuna mukristu anayeweza kushukuru vita kwa ajili ya kinga. Tena, kijana wa toleka alipakia watu wazima tangu asubuhi mpaka jioni katika jua, na mara nyingi tumbo lake tupu. Mugonjwa wa kijiji cha mbali alifungwa juu ya kinga, na wengine walikufa njiani. Mupunga ulioza katika vijiji vilivyokosa kamio, wakati watoto wa muji walilala na njaa. Chumvi ilikuwa gali kama dawa. Na kwa sababu petroli ya taa na umeme vilikosekana, watu walikata miti kwa makala, na pori likazidi kusogea mbali na muji.

V. Kufunga si njaa

Basi tuamue namna gani? Mimi naona jibu katika mafundisho ya Eklezya tuliyoyajua tangu utoto. Mwenye kufunga wakati wa Kwaresima na mwenye njaa, wote wawili wana tumbo tupu. Ukiwatazama kwa inje hutawatenganisha. Lakini wa kwanza amechagua, anajua sababu, anajua siku ya mwisho, na chakula alichojinyima anamupa masikini. Wa pili hakuchagua kitu, amenyanganywa. Kufunga kunajenga roho; njaa inavunja mwili, na mara nyingi roho pia.

Kisangani ya 1998 ilikuwa na njaa ya esansi, haikufunga. Ndiyo maana faida zile zote hazikudumu. Siku pikipiki ilipofika, tulikimbilia, na kwa haki, sababu mabega yalikuwa yamechoka. Hakuna mutu aliyefikiri: mambo gani katika toleka ni umasikini wa kuacha, na mambo gani ni hekima ya kushika? Tulitupa yote mawili pamoja.

Baba Mutakatifu Fransisko, katika barua yake Laudato si' ya mwaka 2015, alifundisha kwamba dunia inapaswa kuacha makala ya mawe na petroli hatua kwa hatua, bila kukawia. Wengine kwetu walinungunika: «Matajiri wameshiba, sasa wanatuambia sisi tufunge.» Neno lile lina ukweli. Haifai kumuhubiri mwenye njaa afunge. Lakini vilevile haifai kumutengenezea mwenye njaa karamu itakayokwisha kesho. Mwaka 2022 serikali yetu ilitangaza mnada wa vitalu 27 vya petroli, vingine katika bonde kubwa la Kongo, pahali penye udongo wa mboji wenye kushika kaboni nyingi sana. Mwaka 2024 mnada ule ulifutwa. Mwaka 2025 vitalu vingine 52 vikatangazwa. Wanatuahidi utajiri. Tuulize Moanda: baada ya miaka 50 ya petroli, mutoto wa kijiji cha pale amepata nini?

Kujitayarisha maana yake kuchagua mbele ya kulazimishwa. Maji ya Tshopo yanapita kila siku bila bei; kiwanda kizee kitunzwe na kuongezewa nguvu, na mama hatapika kwa makala tu. Muto uwekewe alama zake tena, maana masua moja inabeba muzigo wa kamio nyingi kwa mafuta kidogo. Reli ya Ubundu iangaliwe. Mawese yetu yapimwe tena kwa mashini zetu, lakini mbele ya yote yajaze vyungu vyetu. Na barabara zitengenezwe hata kwa ajili ya kinga, maana njia nzuri inamupunguzia musukumaji nusu ya mateso yake.

Na sisi katika seminari? Tusingoje serikali. Padri anayedai motokari kwa kila kilometa atafundisha nini siku esansi itakapokosekana? Misioni za zamani zilikuwa na shamba, kiwanda cha matofali, fundi wa mbao na fundi wa vyuma. Kazi ya mikono haikuwa azabu. Ilikuwa sehemu ya malezi. Seminarista anayejua kuziba mupira wa kinga na kupanda muhogo hatakuwa padri mudogo kwa sababu hiyo. Atakuwa padri ambaye vita wala bei haviwezi kumufungia nyumbani.

Jioni, juu ya daraja la Tshopo, unaweza bado kumuona muzee na kinga yake, imefungwa magunia mawili ya makala, anasukuma polepole katikati ya pikipiki zenye kupiga honi. Zamani alipakia watu. Sasa hakuna anayemusimamisha. Tumusalimie kwa heshima, wapenzi. Alibeba muji muzima wakati wenye nguvu waliuacha. Na tuulize zamiri zetu swali moja: siku esansi itakaporudi kuwa gali, na siku ile itafika, tutakuwa watu wenye kufunga, ao watu wenye njaa?